Usimcheke mwanao anayejifunza tarumbeta

Mtoto anapoingia uani na tarumbeta la kuazima, kinachosikika kwanza si wimbo. Ni mlio wa katikati ya ndama aliyepotea na honi ya bodaboda inayokata roho. Kuku wanatawanyika, jirani anachungulia, na mjomba aliyekuja kusalimia anauliza nani anaumwa tumbo. Katika mtaa kama Ipuli, mjini Tabora, kelele ya nyumba moja haichelewi kuwa ya majirani wote.

Wengi huachia hapo. Si kwa kukosa kipaji, ni kwa aibu.

Wakubwa nao huchangia bila kujua. Mzazi husimama mlangoni akihimiza, "Puliza kwa nguvu!" Mtoto anavimbisha mashavu, macho yanamtoka, na tarumbeta linatoa hewa tupu. Pumzi peke yake haipigi tarumbeta. Kinacholia ni midomo: inabanwa, hewa inapenya katikati yake, inatetemeka kama ya mtoto mchanga anayechezea mate, na bomba la shaba linaukuza mtetemo huo. Ndiyo maana pistoni tatu tu zinatosha. Bila kubonyeza hata moja, mpigaji aliyezoea hupata do, soli, do ya juu na mi yake, kwa kukaza na kulegeza midomo. Anayeanza huipata moja kwa kubahatisha, akafurahi, kesho yake akaitafuta asiione.

Misuli inayozunguka mdomo haijawahi kutumwa kazi hii, hivyo huchoka upesi. Dakika kumi, apumzike, kisha kumi nyingine, zinamfaa kuliko saa nzima ya kujikamua. Midomo ikifa ganzi, aliweke chini. Hatari kubwa ni kulikandamiza tarumbeta mdomoni ili sauti ya juu itoke. Itatoka leo, lakini midomo itaumia, na mazoea hayo ni magumu kuyaacha. Ni vyema pia meno ya mbele ya utu uzima yawe yameshaota, jambo ambalo kwa watoto wengi hutokea wakiwa na miaka saba au minane.

Na kama kuna mji usiopaswa kucheka, ni Tabora. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, kirangozi mbele na wapagazi wa Kinyamwezi nyuma yake. Ngoma na baragumu za pembe za tandala ziliisindikiza. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857, aliziandika habari zake. Pembe hiyo haina pistoni wala shaba, lakini hulia kwa midomo inayotetemeka, vilevile kama tarumbeta la leo. Kisha ikaja beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishaenea hadi bara, na Tabora haikuachwa nyuma. Hao wote walianza kwa kutoa hewa tupu.

Siku hizi ni familia chache zinazonunua tarumbeta. Chombo huwa mali ya kikundi, kama cha matarumbeta ya harusi au cha kanisa. Wamoravian, wenye mapokeo ya miaka mingi ya vyombo vya shaba, wapo Unyamwezi tangu 1898. Mtoto aende na mzazi, wampe shikamoo kiongozi wa kikundi, waulize nani atamfundisha na chombo kikiharibika inakuwaje. Kipande cha kuwekea mdomo kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kuhamia kwa mwingine. Maji yanayomwagwa kutoka kwenye bomba yasimtie mtu kinyaa. Mengi yake ni mvuke wa pumzi uliopoa, si mate. Pistoni zinataka mafuta yake maalumu, hasa vumbi la kiangazi likianza.

Kipande hicho cha mdomo kinachomoka, na hapo ndipo wiki za kwanza zinapookolewa. Mtoto akikipuliza peke yake hutoa mlio mdogo kama wa nyuki, hivyo midomo inafanya mazoezi bila kuamsha mtaa. Mzazi naye aombe kujaribu, tena mbele ya watoto. Akishatoa hewa tupu mara tatu hatauliza tena kwa nini wimbo haujaanza.

Tarumbeta lenyewe lipangiwe saa, na jirani aambiwe mapema: saa kumi na moja jioni hadi na nusu. Si mchana kichanga chake kikiwa kimelala, wala si magharibi watu wakiwa kwenye swala.