Jinsi Kompyuta Inavyofuatilia Safari ya Virusi

Sampuli inayochukuliwa puani mwa mgonjwa haionyeshi tu kama ameambukizwa. Inaweza pia kuonyesha kama virusi vimeletwa na wasafiri au tayari vinasambaa vijijini.

Virusi vina jenomu, yaani maagizo ya kuzaliana yanayosomwa kwa herufi nne tu. Jenomu ya virusi vya korona ina herufi karibu 30,000. Virusi vinapozaliana, herufi chache hubadilika, na vizazi vinavyofuata hurithi mabadiliko hayo. Wagonjwa wawili wakipatikana na mabadiliko yale yale, huenda maambukizi yao yana chanzo kimoja.

Kulinganisha mamia ya jenomu kwa macho hakuwezekani, hivyo kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta. Kwanza, programu hupanga jenomu kwa mistari, moja chini ya nyingine, na kutia rangi herufi zinazotofautiana. Kisha huchora mti wa ukoo, ambapo jenomu zinazokaribiana hukaa kwenye tawi moja. Programu kama Nextstrain, ambayo hutumika bila malipo, huongeza ramani na tarehe.

Kazi hii imewahi kufanyika hapa Pwani. Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi walisoma jenomu 311 kutoka kwa sampuli zilizochukuliwa Pwani kati ya Machi 17 na Julai 31, 2020. Ilibainika kuwa virusi vya korona viliingia mara kadhaa kutoka nje, hasa vyenye asili ya Ulaya. Kundi moja, B.1, lilikuwa asilimia 74 ya jenomu hizo. Makundi A, B na B.4 yalipatikana kwa watu waliopimwa kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania au wasafiri waliorejea, lakini hayakuenea sana. Watafiti walieleza kuwa hatua za mapema zilisaidia kuyazuia.

Matokeo kama hayo husaidia kuamua nguvu zielekezwe wapi. Matawi mengi ya kigeni yanamaanisha upimaji uimarishwe mipakani na bandarini. Tawi moja linalokua linamaanisha kazi ihamie vijijini.

Mkazi anayeombwa sampuli ana haki ya kuuliza itatumikaje. Katika ufuatiliaji huu, jenomu inayolinganishwa ni ya virusi, si ya mgonjwa.