Mwanga au Mgonjwa? Matembezi na Usingizi wa Wazee Kusini mwa Pwani

Katika Kiswahili cha pwani, kitenzi "kuwanga" hutaja mwendo wa usiku wenye nia ya uchawi, na mtendaji wake huitwa "mwanga". Neno hili ni zito Kwale na Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi na ambako kituo cha Kaya Godoma, huko Ganze, kimewahifadhi walionusurika. Tuhuma nyingi huzaliwa na ugomvi wa ardhi. Hata hivyo, mkongwe aonekanaye saa nane za usiku uani kwa jirani, asijue alikotoka, huenda ni mgonjwa wa demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na utambuzi.

Ubongo una kiini kidogo kinachopanga saa za mwili kwa kufuata nuru iingiayo machoni. Maradhi haya hukidhoofisha. Mgonjwa husinzia mchana, hutaharuki jua likichwa, kisha hukesha. Na mwuguzaji, aghalabu binti au mkaza mwana, hukesha naye.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 132 wa Alzheimer waliokuwa wakiishi majumbani. Waliotembea nusu saa kila siku walipunguza muda wa kukesha baada ya miezi 2, sawa na waliokaa mbele ya taa kali. Kufikia miezi 6 nafuu hiyo haikudhihirika tena. Waliozingatia maagizo angalau siku 4 kwa juma ndio waliolala vyema zaidi.

Msambweni haihitaji taa hiyo. Jua la asubuhi latosha. Ufuo wa Diani huvutia maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, lakini maji hayo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, ilhali mgonjwa huhitaji saa isiyobadilika. Njia ya mtaani yafaa zaidi, mbali na magari ya barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga. Mzee ashikwe mkono, asikokotwe. Apitishwe barazani, aamkiwe shikamoo, hata kama jibu lake halieleweki. Majirani waliozoea kumwona akitembezwa asubuhi watamtambua akitoka usiku, na watajua nyumba ya kumrudisha.