Nyumba ni ya nani? Swali la wachumba

Wachumba wengi wa Afrika Mashariki hutumia miezi kupanga mahari, ukumbi na sare za sherehe, lakini huona haya kuulizana jambo moja: nyumba watakayojenga itakuwa ya nani? Haya hiyo huzaa kinyongo. Anayelima, kupika na kulea bila jasho lake kuhesabiwa hujiona mgeni kwake. Anayeleta mshahara naye huanza kuuficha.

Nchini Rwanda swali hilo haliepukiki. Chini ya sheria ya mwaka 1999, na ile ya 2016 iliyoifuata, waliofunga ndoa ya kiserikali walichagua utaratibu mmoja kati ya mitatu: kuchanganya mali zote, kuchanganya kwa mipaka wanayokubaliana, au kila mmoja kubaki na chake.

Tanzania inafuata njia nyingine. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kuoana peke yake hakubadilishi umiliki wa mali, ingawa mume au mke haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali.

Nchini Kenya, sheria ya 2013 inahesabu malezi ya watoto na kazi za shambani kuwa mchango. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kugawana nusu kwa nusu hakuji kwenyewe. Kila upande uthibitishe mchango wake.

Tofauti hizi zina uzito zaidi tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lianze Julai 2010, kwani watu huvuka mipaka kutafuta kazi na huko wakapata wenzi. Kijana wa Musanze akimwoa binti wa Mwanza, kila mmoja anaweza kuingia ndoani na maana yake ya neno "chetu".

Sheria haileti mapenzi, lakini inawapa wachumba maswali ya kuulizana kabla ya kuchapisha kadi. Nani ana deni? Wazazi wa pande zote watasaidiwa kiasi gani? Asiye na mshahara atakuwa na sauti gani katika matumizi? Na hati ya kiwanja itabeba majina ya nani?