Je, Wajua? Kovu Lisilojua Kukoma

Je, wajua kwamba kuikata keloidi tu, bila tiba nyingine, ni kama kuiita irudi? Tafiti mbalimbali zinataja kurudi kwa keloidi 45 hadi 100 katika kila 100 zilizokatwa hivyo, na inayorudi huweza kuipita ya kwanza kwa ukubwa. Hapo hakuna uchawi: keloidi huzaliwa na jeraha, na kisu cha daktari nacho huacha jeraha.

Kidonda kikishafunga, chembe zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupunguza kazi. Kwenye keloidi haziachi. Kovu huwasha, huuma, na huvuka mpaka wa kidonda kilicholizaa. Kovu lililovimba tu halivuki; hubaki palepale na mara nyingi hunywea lenyewe baada ya muda. Wengi huyachanganya haya mawili, wakaisifu dawa ya kupaka kwa kovu ambalo lingeshuka hata lisipopakwa kitu.

Tiba iliyozoeleka ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe na kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Kovu likiwa bado gumu, dawa huingia kwa shida. Inauma, tusidanganyane, na ngozi huweza kubaki na baka jeupe. Keloidi ya sikio ikikatwa, mgonjwa huongezewa sindano, hereni maalumu ya kubana, au mionzi ndani ya siku moja au mbili. Bandiko la silikoni nalo husaidia, ila livaliwe saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi.

Viganja na nyayo, pamoja na kuchubuka kwake kote, ni nadra kuota keloidi; masikio, kifua na mabega ndiyo maskani yake. Na ingawa ilidhaniwa kuwa wenye ualbino hawaipati, uchunguzi wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha wanaipata karibu sawa na wengine.

Vile vinundu vya kisogoni vinavyowasumbua wanaume, je? Si keloidi halisi. Huanzia kwenye mashina ya nywele yaliyovimba, na kunyoa kipara huvichochea. Mwambie kinyozi wako asishushe mashine hadi kwenye ngozi.