Kunguru wa Edmonton mwenye bawa la buluu

Kwetu Unguja ukitaja kunguru mtu hukunja uso. Wale weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ati wasafishe taka za mji. Wakazaana, wakamaliza mayai na makinda ya ndege wengine, na mpaka leo wanapigwa vita. Maskati nako wapo, mnawajua.

Sasa, wenye jamaa Edmonton, kaskazini ya London, huko kuna mmoja wa ukoo huo huo ambaye ukimwona hutosadiki. Waingereza humwita jei. Kiarabu ni Abu Zureiq, jina linalomfaa khasa kwa ile buluu yake. Mwili una rangi ya udongo uliochanganyika na waridi, masharubu meusi, na kwenye bawa kipande cha buluu chenye mistari myeusi, utadhani kimedariziwa na fundi wa kofia. Akiruka utaona weupe juu ya mkia.

Sauti lakini! Kama kitambaa kinachochanwa. Huigiza na ndege wengine, hata mwewe. Na tusimpambe bure: mayai na makinda naye anaiba.

Ila chakula chake cha baridi ni balluti, kokwa za mwaloni. Ikifika Septemba na Oktoba hujaza kadhaa kooni kwa safari moja, akaenda kuzifukia ardhini moja moja, mbali na mti. Ndege mmoja huficha maelfu kwa msimu. Nyingi huzikumbuka, asizozirudia huota. Kokwa hizo ni nzito, upepo hauzichukui, na zikiota chini ya mama yao hukosa jua. Mialoni mingi inayochipua pasipo mkono wa mtu ni kazi ya huyu mwizi.

Si jambo dogo. Aprili 2025 mwaloni uliokadiriwa kuwa na umri wa hadi miaka 500 ulikatwa Whitewebbs, katika wilaya ya Enfield, ndiyo yenye Edmonton. Watu wakaghadhibika, lakini mti kama ule nani ataupanda leo akauona?

Mnaokwenda kuwatazama wajukuu mwezi wa Oktoba, wapelekeni Pymmes Park asubuhi mapema. Mkisikia ukelele, simameni kimya, mtazame penye mialoni. Ni mwoga, msimkaribie.