Wakanda ya Pili: Msiba Umetugusa, Vita Vimetuchosha

Huku kwetu Temeke na Kinondoni watoto wengi wanaifahamu Wakanda, nchi ya Afrika isiyokuwapo katika ramani yoyote. Filamu ya kwanza, Black Panther, ilitoka mwaka 2018. Ilimhusu mfalme kijana, T'Challa, na taifa lenye madini ya ajabu na sayansi kupita mataifa yote. Ya pili, Black Panther: Wakanda Forever, ilitoka Novemba 2022. Sisi tulioipenda ile ya kwanza tumeitazama hii tukabaki na mioyo miwili.

Aliyecheza kama mfalme, Chadwick Boseman, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyogunduliwa mwaka 2016, na muda wote huo aliendelea na kazi bila kuutangazia umma. Mwongozaji, Ryan Coogler, hakumweka mtu mwingine katika nafasi yake. Aliacha mfalme afe katika hadithi pia.

Msiba ulioheshimiwa

Hapo ndipo filamu ilipotushika. Mwanzoni Shuri, dada wa mfalme, yuko maabara akihangaika kutengeneza dawa, huku kaka yake akikata roho mahali pengine kwa ugonjwa usiotajwa jina. Mama yao, Malkia Ramonda, ndiye anayemletea habari. Sisi wauguzi tumewaona akina Shuri wengi: ndugu aliyekuwa akikimbilia dawa, akarudi na kukuta kitanda kimeshatandikwa upya. Mtu huyo hulia mara mbili, kwa kufiwa na kwa kutokuwapo.

Watu wa Wakanda wanazika wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Baada ya mwaka mmoja mama anamtaka binti yake wachome nguo za msiba, kama sisi tunavyoanua matanga, lakini binti hayuko tayari. Angela Bassett amecheza nafasi ya mama huyo kwa uchungu ambao kila mzazi ataufahamu. Tulifurahi pia kuwaona wa kwetu: Lupita Nyong'o, ambaye wazazi wake ni Wakenya, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Palipotuchosha

Lakini filamu ina urefu wa saa 2 na dakika 41, na sehemu kubwa ni mapigano na watu wanaoishi chini ya bahari. Msiba tuliokuwa tunaufuata unafunikwa na kelele. Malkia naye anakufa maji akimwokoa msichana, na kabla machozi hayajakauka Shuri anatafuta kisasi. Ni kweli kwamba mwishoni anamsamehe adui yake na kuchoma zile nguo. Hata hivyo, tuliona njia ya kufika hapo ni ndefu mno na imejaa damu. Huko Marekani wazazi walitahadharishwa kuhusu watoto walio chini ya miaka 13. Nasi tunashauri hivyo hivyo: mama akae na watoto, asiwaachie televisheni iwalee.

La kuchukua nyumbani

Boseman alikuwa na haki ya kutowaambia watazamaji. Lakini nyumbani, siri ya ugonjwa ni jambo jingine. Waume zetu wengi huona aibu kusema kwamba wameona damu chooni. Husema ni bawasiri, wakanyamaza. Mama, zifahamu dalili hizi: damu kwenye choo kikubwa, kufunga au kuharisha kusikoisha kwa majuma kadhaa, maumivu ya tumbo yanayorudi, kupungua uzito bila sababu, na kuchoka kwa upungufu wa damu. Si kila dalili ni saratani, lakini kila moja inastahili kupimwa. Aanze zahanati au kituo cha afya kilicho karibu; ikibidi atapewa rufaa. Hapa Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani hiyo, mwambieni daktari mapema. Ikigunduliwa mapema, hutibika vizuri zaidi.

Basi, filamu ikiisha, msiizime televisheni na kwenda kulala tu. Muulize baba watoto, kwa upole na faraghani, kama kuna jambo la mwili wake ambalo bado hajakuambia.