Kaburi la Troop na haki ya kumlilia mbwa

KUMLILIA mbwa ni jambo ambalo wengi hulichukulia kwa mzaha. Hata hivyo, kwa mwindaji aliyekesha msituni miaka mingi na mbwa mmoja, kifo cha mnyama huyo ni msiba kamili.

Ushahidi upo katika jimbo la Alabama, Marekani. Mnamo Septemba 4, 1937, Key Underwood alimzika mbwa wake, Troop, baada ya kuwinda naye kwa zaidi ya miaka 15. Waliwinda rakuni, mnyama wa usiku mwenye mkia wa pete nyeusi. Mbwa hunusa nyayo gizani, humkimbiza rakuni hadi akwee mti, kisha hubweka chini ya mti huo mpaka bwana wake afike. Mwindaji haoni, husikiliza tu. Ndiyo maana humjua mbwa wake kwa sauti, na sauti hiyo inapokoma, msitu wote huwa mgeni kwake.

Underwood alimfunga Troop katika gunia la kuchumia pamba, akamzika kwenye kambi ya wawindaji na kuchonga jiwe kwa nyundo na bisibisi. Wenzake wakafuata nyayo zake. Leo zaidi ya mbwa 300 wa rakuni wamezikwa hapo, na ni sharti shahidi athibitishe kwamba marehemu alikuwa mbwa wa rakuni kwelikweli.

Waswahili husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Tatizo la aliyefiwa na mbwa ni kwamba huogopa kuanza, kwa kuwa hatarajii wa kumfuata. Hakuna matanga wala ruhusa kazini. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kuhusu huzuni ya aina hii, ambayo jamii haiitambui, mwaka wa 1989. Huzuni hiyo haipungui kwa kufichwa, bali humwacha mfiwa peke yake.

Kwa hivyo, ni vyema kumzika mbwa kwa heshima, kulitaja jina lake na kusimulia mawindo yake mbele ya waliomjua. Watoto waambiwe ukweli kwamba amekufa. Aliyelazimika kumwita daktari wa mifugo amkatishie mateso asijihukumu kama muuaji. Mbwa mwingine asiletwe kwa pupa, na atakapoletwa, asidaiwe sauti ya mwenzake aliyetangulia.